Wenyeji wa Lamu na Kazi ya Kuulinda Mji Wao wa Kale

LAMU – Mji wa Kale wa Lamu ni makazi ya Waswahili yaliyo makongwe zaidi na yaliyohifadhika vyema zaidi katika Afrika Mashariki. Mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na hivyo ukawa mahali pa kwanza nchini Kenya kupata hadhi hiyo kwa sababu ya utamaduni. Kabla ya hapo nchi ilikuwa imepata nafasi katika orodha hiyo kwa maeneo ya kimaumbile pekee, yaani Mlima Kenya na mbuga za Ziwa Turkana, mwaka 1997.

Jambo linaloitofautisha Lamu na sehemu nyingine nyingi za kihistoria katika pwani yetu ni kwamba mji huu bado unakaliwa. Gedi na Takwa zilihamwa na wakazi wake karne kadhaa zilizopita, na leo ni magofu yanayolindwa kwa ua, walinzi na tiketi za kuingilia. Lamu haiwezi kulindwa kwa njia hiyo. Kila nyumba ina mwenyewe, kila msikiti una waumini wake, na kila kichochoro ni njia ya watoto kwenda madrasa na shuleni. Sheria zinaweza kukataza jengo lisibomolewe, lakini haziwezi kulipaka chokaa, kumfundisha kijana kuchonga mlango, wala kuandaa Maulidi. Kazi hizo hufanywa na wenyeji wenyewe kupitia vikundi na jumuiya zao. Makala haya yanaeleza vikundi hivyo vinafanya nini, sheria inavipa nafasi gani, na ni mambo gani yanayotishia kazi yao.

Mji na historia yake

Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa Kisiwa cha Lamu, ukikabili mkondo wa bahari unaokitenga kisiwa hicho na Kisiwa cha Manda. Eneo lililohifadhiwa ni dogo, takriban hekta 16, lakini limesongamana majengo, misikiti na vichochoro. Watu wameishi hapa mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Wenyeji huugawa mji katika pande mbili kubwa: Mkomani, upande wa kaskazini, wenye nyumba nyingi za mawe za kale, na Langoni, upande wa kusini, ambako kwa desturi nyumba za udongo na makuti zilikuwa nyingi zaidi na ambako biashara imechangamka.

Utajiri wa mji ulitokana na bahari. Majahazi yaliyosafiri kwa pepo za kaskazi na kusi yaliuunganisha na Bara Arabu, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi, yakapeleka pembe za ndovu, boriti za mikoko na bidhaa nyingine, na yakarejea na vyombo vya kaure, nguo na mazulia. Wareno waliufikia na kuutoza kodi mwanzoni mwa karne ya 16. Baada ya Vita vya Shela vya takriban mwaka 1812, watu wa Lamu waliomba ulinzi wa Oman, na ngome kubwa inayoonekana hadi leo katikati ya mji ikakamilishwa mwaka 1821. Ngome hiyo ilitumika kama jela kwa miaka mingi, hadi mwaka 1984 ilipokabidhiwa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Sasa ni mahali pa maonyesho, mikutano ya hadhara na shughuli za jamii.

Sheria na mipango ya uhifadhi

Juhudi rasmi za kuhifadhi mji zilianza miaka ya 1970, pale mtaalamu wa ujenzi Usam Ghaidan alipofanya uchunguzi wa nyumba na mitaa, ambao ulichapishwa mwaka 1976. Kazi hiyo ilifuatwa na mpango wa uhifadhi, na mwaka 1986 Mji wa Kale ukatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa eneo linalolindwa. Ofisi ya uhifadhi chini ya Makavazi ya Kitaifa ilianzishwa mjini ili kuwashauri wenye nyumba na kukagua ujenzi.

Leo ulinzi huo umesimama juu ya nguzo tatu za kisheria. Ya kwanza ni Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Kifungu cha 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na katika Kifungu cha 10 inautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa. Ya pili ni Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, ambayo inakataza kubadilisha au kubomoa jengo linalolindwa bila idhini. Ya tatu ni Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotambua kwamba ujuzi wa jamii ni mali ya jamii hiyo. Aidha, Katiba imezigawia Serikali za Kaunti majukumu ya shughuli za kitamaduni na upangaji wa maeneo yao, huku majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki chini ya Serikali ya Kitaifa. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba mjini Lamu anapotaka kujenga upya hulazimika kuzungumza na ngazi zote mbili za serikali.

Mawe, chokaa na boriti

Kuelewa kazi ya mafundi wa Lamu kunahitaji kwanza kuielewa nyumba yenyewe. Kuta zake ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa. Mengi ya mawe hayo huchimbwa katika Kisiwa cha Manda, hasa Maweni. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la kuni. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti moja kwa kawaida haifiki urefu wa mita tatu, vyumba vyote vya kale ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba cha Mswahili, kwa maneno mengine, uliamuliwa na mti wa pwani.

Mpangilio wa ndani una maana yake pia. Mgeni huishia kwenye daka na baraza zilizoko mlangoni. Akikaribishwa, hupita njia iliyopindwa ili macho ya mpita njia yasifike ndani, kisha hutokea kiwandani, yaani ua ulio wazi kwa juu. Kutoka hapo misana hufuatana, mmoja nyuma ya mwingine, hadi chumba cha ndani kabisa, ambacho ukuta wake hupambwa kwa zidaka zilizochongwa katika chokaa. Juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, kivuko kilichoziunganisha nyumba mbili za jamaa, ili wanawake waweze kutembeleana bila kushuka njiani.

Nyumba ya namna hii hudumu karne kadhaa ikitunzwa, na huanza kuporomoka katika misimu michache ya mvua ikiachwa. Maadui wake wakuu ni maji na saruji. Chokaa hupumua: unyevu na chumvi vinavyopanda kutoka ardhini hutoka kupitia ukutani. Saruji huuziba ukuta, unyevu hubaki ndani, chumvi hujikusanya, na lipu hubanduka pamoja na sehemu ya jiwe. Boriti zilizofungiwa katika unyevu huoza kwenye ncha zake, na hapo dari huanguka. Ndiyo maana mafundi wakongwe na maofisa wa uhifadhi husisitiza chokaa, ingawa saruji hupatikana dukani kwa urahisi zaidi na hukauka haraka.

Tatizo ni kwamba ujuzi huu haumo vitabuni. Hupitishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake kazini. Vivyo hivyo kwa wachongaji wa milango na samani, ambao karakana zao ziko kando ya njia kuu na pwani ya mji, na kwa wajenzi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni. Mmoja wa mafundi mashuhuri wa zamani, Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchongaji wa milango, mwandishi wa khati na mshairi kwa wakati mmoja. Mfano wake unaonyesha kwamba mjini Lamu ufundi wa mikono na elimu ya maandishi havikuwa vitu viwili tofauti. Karakana zinazopokea wanafunzi leo zinaendeleza utaratibu huo, na kila karakana inayofungwa bila mrithi ni hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha za ukarabati.

Misikiti, mitaa na Maulidi

Jumuiya ya kwanza ya uhifadhi katika mji wowote wa Waswahili ni kamati ya msikiti. Mji wa Kale una misikiti mingi, na kila mmoja hutunzwa na watu wa mtaa wake kwa michango na kwa mali ya wakfu, yaani nyumba, mashamba au maduka yaliyotolewa na waumini ili mapato yake yatumike kwa ibada na elimu. Mfumo huo ulikuwapo karne nyingi kabla ya sheria za turathi. Ndio uliohakikisha kwamba visima vinasafishwa, paa zinazibwa na taa zinawashwa.

Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na mwanachuoni Habib Swaleh, ndio kitovu cha Maulidi ya Lamu. Kila mwaka, katika mwezi wa Mfungo Sita, wageni hufika kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki na nchi za Bahari ya Hindi. Pamoja na visomo na maandamano, hufanyika mashindano ya majahazi, mbio za punda na bao. Maandalizi yote, kuanzia malazi ya wageni hadi mapishi, hugawanywa kati ya mitaa, familia na jumuiya za vijana. Shughuli hiyo, pamoja na tamasha la utamaduni linaloandaliwa mjini, huwapa vijana sababu ya kujifunza kasida, ngoma za asili na mashairi ya Kiamu, lahaja ambayo imebeba sehemu kubwa ya fasihi ya kale ya Kiswahili.

Bahari, mikoko na punda

Vikundi vya uhifadhi vya Lamu havikomei kwenye kuta za mji. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mikoko hiyo ni mazalio ya samaki, ni kinga ya pwani dhidi ya mawimbi, na ndiyo chimbuko la boriti zinazobeba dari za mji. Vikundi vya wakataji mikoko, vya wanawake na vya usimamizi wa fuo hushiriki kupanda miche pale miti ilipokatwa kupita kiasi. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti mwezi Februari 2018, agizo hilo liliwagusa pia wakataji mikoko wa Lamu, na likaonyesha wazi jinsi uhifadhi wa msitu, riziki ya familia na ukarabati wa nyumba za kale vinavyotegemeana. Hakuna kimoja kati ya hivyo vitatu kinachoweza kupangiwa bila kuvihusisha vingine.

Vichuguu vya mchanga vya Shela navyo vina umuhimu wa pekee, kwa kuwa chini yake ndiko kuliko hazina ya maji matamu yanayonywewa mjini. Ujenzi juu ya vichuguu hivyo ungehatarisha maji ya kisiwa kizima, na wakazi wamekuwa wakipaza sauti kila dalili za uvamizi zinapoonekana.

Punda wanabaki kuwa chombo kikuu cha uchukuzi katika vichochoro visivyoweza kupitisha gari. Kituo cha matibabu ya punda kilianzishwa mjini mwaka 1987. Kuja kwa pikipiki kumeleta mvutano mpya: pikipiki zimekatazwa katika eneo la Mji wa Kale kwa sababu ya usalama wa watembea kwa miguu na utulivu wa mji, ilhali kwa vijana wengi zinawakilisha ajira. Ni suala ambalo viongozi na vikundi vya wenyeji bado wanalizungumza.

Mfano wa ubunifu unaounganisha ufundi wa kale na tatizo la leo ni dau la Flipflopi, lililojengwa Lamu na mafundi wa majahazi kwa plastiki iliyookotwa fuoni na kurejelezwa, kisha likafunikwa kwa vipande vya kandambili kuukuu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 dau hilo lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa takriban kilomita 500, likihamasisha watu wa pwani kuhusu taka za plastiki baharini.

Sauti ya wananchi katika miradi mikubwa

Mwezi Machi 2012 mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, unaokusudiwa kuiunganisha Bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa rasmi. Gati la kwanza la bandari hiyo lilianza kazi mwezi Mei 2021. Mradi wa ukubwa huo karibu na mji mdogo wa kale uliibua maswali ambayo vikundi vya wenyeji viliyachukua kwa njia za kisheria.

Miongoni mwa vikundi hivyo ni Save Lamu, muungano wa jumuiya mbalimbali za kaunti zinazoshughulikia mazingira, uvuvi, utamaduni na haki za wakazi. Muungano huo ulikusanya maoni vijijini na kuandaa itifaki ya jamii, ambayo ni hati inayoeleza maliasili na desturi za watu wa Lamu na namna wanavyotaka kushauriwa kabla ya mradi wowote kuanza.

Maamuzi mawili yamekuwa na uzito mkubwa. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba katika utekelezaji wa mradi wa bandari haki za wakazi za utamaduni, habari na mazingira safi zilikiukwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni iliyokuwa imetolewa mwaka 2016 kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa katika kaunti hiyo. Sababu kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari za mradi.

Fundisho la maamuzi hayo halihusu Lamu pekee. Yanabainisha kwamba ushirikishaji wa umma si mkutano wa kutangaza jambo lililokwisha kuamuliwa. Wananchi wanastahili kupewa taarifa kamili, kwa lugha wanayoielewa na kwa wakati, na maoni yao yanastahili kujibiwa. Yanabainisha pia kwamba mvuvi asiyeweza tena kulifikia eneo lake la uvuvi amepoteza riziki na utamaduni kwa pamoja.

Changamoto zilizopo

Changamoto ya kwanza ni ya mirathi. Nyumba ya kale hurithiwa na watu wengi, na kadiri vizazi vinavyopita, fungu la kila mrithi hupungua. Wengine huishi Mombasa, Nairobi au ng'ambo. Nyumba yenye wenyewe ishirini mara nyingi haina mtu wa kugharamia paa lake, na njia rahisi huwa kuiuza.

Changamoto ya pili inatokana na ya kwanza. Tangu miaka ya 1990 wageni wenye uwezo wamenunua nyumba nyingi, hasa Shela na sehemu za Mkomani. Baadhi yao wamezikarabati kwa uangalifu na kuwapa mafundi kazi. Lakini nyumba inayofunguliwa majuma machache kwa mwaka haina watoto wa madrasa, haina jirani wa kuazima chumvi, na haichangii msikiti wa mtaa. Mtaa unaweza kubaki na kuta nzuri na kukosa watu.

Ya tatu ni hatari ya moto. Vichochoro vyembamba, boriti kavu na paa za makuti hufanya moto usambae haraka na magari ya zima moto yashindwe kufika. Katika hali hiyo, msaada wa kwanza hutoka kwa majirani, na utayari wa mtaa ni muhimu kuliko mtambo ulioko mbali.

Ya nne ni kupungua kwa wanafunzi wa ufundi. Kijana atajifunza kuchoma chokaa au kuchonga mlango ikiwa kazi hiyo itamlisha. Kila mara mwenye nyumba, hoteli au ofisi ya umma inapoagiza mlango wa fundi wa Lamu badala ya mlango wa kiwandani, inachangia uhifadhi kwa kiwango kisichopungua ruzuku.

Mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyafahamu

Mkazi au mmiliki wa nyumba katika Mji wa Kale anapaswa kutafuta ushauri na idhini ya Makavazi ya Kitaifa kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa, kubadilisha sura ya jengo au kuondoa mlango wa kale. Idhini ya ujenzi ya Serikali ya Kaunti haichukui nafasi ya idhini hiyo. Anayegundua vitu vya kale wakati wa kuchimba msingi au kisima anapaswa kuviacha mahali pake na kutoa taarifa. Kununua au kusafirisha nje ya nchi vitu vya kale bila kibali ni kosa kisheria.

Wananchi wanaotaka kushiriki katika uhifadhi wanaweza kufanya hivyo kupitia jumuiya za mitaa yao, kamati za misikiti, vikundi vya usimamizi wa fuo na vya upandaji mikoko, au kwa kuhudhuria vikao vya ushirikishaji wa umma vinavyotangazwa na serikali. Ripoti ya tathmini ya athari za mradi kwa mazingira ni hati ya umma, na kila mwananchi ana haki ya kuisoma na kuwasilisha maoni yake kwa maandishi katika muda uliotangazwa.

Miji kama Lamu ipo mingine mingi katika pwani yetu, mikubwa na midogo, ambayo haimo katika orodha yoyote ya dunia. Siyu na Pate zina misikiti, makaburi na mafundi wake. Huko nako, kitakachoamua kama kizazi kijacho kitakuta mji au kitakuta magofu ni kuwapo kwa watu wanaokaa ndani ya nyumba hizo, wenye ujuzi wa kuzitengeneza na wenye sauti pale mambo yanapoamuliwa. Jukumu la serikali ni kuhakikisha kwamba watu hao wanaweza kubaki.